Twendeni Zambezi na Watoto Wetu

Dada wa mapokezi alitutazama sote sita, akatabasamu, kisha akamuuliza mume wangu kwa adabu kabisa: wageni wako wako wapi, wameshateremka au bado wamo garini? Ilikuwa asubuhi ya baridi mwezi wa Juni, mjini Livingstone, kusini mwa Zambia. Tulikuwa tumeingia katika hoteli moja kuulizia safari ya boti. Mume wangu alivaa shati la kaki na kofia, na nadhani shati lile ndilo lililomponza. Alipojibu kwamba wageni ni sisi, yaani yeye, mimi, watoto watatu na bibi yao, yule dada aliona haya, akaomba radhi, akatuhudumia vizuri mno.

Sikumkasirikia. Lakini swali lake limenikaa moyoni, kwa sababu hakulibuni yeye. Kwa zaidi ya miaka mia moja maporomoko ya Zambezi yaliyo jirani na mji huo yametangazwa kwa watu wanaotoka mbali kwa meli, kisha kwa ndege. Mwafrika aliyeonekana kwenye picha za matangazo hayo alikuwa amebeba mzigo, ameshika usukani au ameshika trei. Binti yule amekua akiona hivyo kazini kila siku. Angetoa wapi wazo la kwamba familia kutoka Mbeya inaweza kupanda basi, ikavuka mpaka, ikaja kutazama maji yanavyoanguka, ikafurahi, ikarudi nyumbani?

Naandika haya kwa wazazi wa Afrika Mashariki wenye uwezo wa kati kama sisi, wale ambao likizo ikifika husema hawana pa kuwapeleka watoto, au huweka akiba ya miaka miwili ili wakapige picha kwenye maduka makubwa ya Dubai. Kusini kwetu kuna safari ambayo mtoto hataisahau, na sehemu kubwa yake inafanyika kwa basi.

Sisi tuliipanga kwa sababu ya mama mkwe wangu. Ni Mnyamwanga, mzaliwa wa upande wa Tunduma, na nusu ya ukoo wake iko Nakonde, ng'ambo ya mpaka, kwa kuwa waliochora mpaka huo hawakuwauliza wenye mashamba. Baba yake alikuwa mmoja wa wanaume wengi wa nyanda zetu za juu walioondoka kwenda kuuza nguvu zao kwenye migodi ya kusini. Alianzia kwenye migodi ya shaba ya Zambia ya leo, halafu akapelekwa Bulawayo kwa treni. Aliporudi nyumbani aliwasimulia watoto wake kwamba treni ilipita juu ya daraja katikati ya moshi wa maji, madirisha ya behewa yakalowa kana kwamba mvua inanyesha, na jua linawaka. Hakuruhusiwa kushuka. Mama alikuwa na miaka sita aliposikia hadithi hiyo, na sasa amevuka sabini. Tuliweka kibubu mezani, kila aliyepata chochote akatumbukiza, na kwa miezi kumi na minne kibubu hicho kikawa mtu wa saba katika nyumba yetu.

Kutoka Mbeya hadi Tunduma ni mwendo mfupi. Kinachochosha ni foleni ya malori yanayosubiri kuvuka. Upande wa uhamiaji, wenye pasipoti za Tanzania hatukuhitaji viza kuingia Zambia, wala baadaye Zimbabwe na Botswana, kwa kuwa nchi yetu ni mwanachama wa SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika. Tulibeba vyeti vya kuzaliwa vya watoto na kadi za chanjo ya homa ya manjano, na nashauri kila mzazi afanye hivyo hata kama jirani yake amemwambia havitaulizwa. Fedha tulibadilisha vibaya. Kijana mmoja wa barabarani alitupunja kwacha mbele ya macho yetu, na tuligundua tukiwa tayari ndani ya basi. Badilisheni kwenye duka lenye leseni.

Kutoka Nakonde hadi Lusaka ni kama kilomita elfu moja. Barabara inapita karibu na Chinsali, kisha Mpika, Serenje, Kapiri Mposhi na Kabwe, na kwa sehemu ya njia reli ya TAZARA haiko mbali. Mwanangu mkubwa alikuwa ameisoma reli hiyo shuleni kama jibu la mtihani: kilomita 1,860, ilijengwa kati ya 1970 na 1975. Alipoiona ikipotea porini ndipo alipouliza ilijengwa kwa nini, na baba yake akapata saa nzima ya kueleza jinsi Zambia ilivyobanwa baada ya walowezi wa Rhodesia kujitangazia uhuru wao mwaka 1965, na kwa nini Kaunda na Nyerere waliamua kwamba shaba ipite Dar es Salaam. Darasani mwalimu hupewa dakika arobaini, na nje ya dirisha lake hakuna reli.

Binti yetu wa kati, mwenye miaka kumi na moja, alikuwa na daftari. Alianza mchezo wake Nakonde, kwa kumuuliza kila mtu aliyekaa karibu naye tembo anaitwaje. Juu kabisa ya ukurasa aliandika neno letu, ndovu. Chini yake likaja la Kibemba, insofu. Lusaka mama mmoja muuza karanga akampa la Kinyanja, njovu. Kusini, kwenye nchi ya Watonga, likawa muzovu, na tulipovuka kuingia Zimbabwe, kwa Kishona, nzou. Siku hiyo alipata pia kwamba simba kwa Kishona ni shumba na nyati ni nyati vilevile. Alishika daftari lile kama mtu aliyeokota ramani ya hazina. Tulipofika Botswana na nahodha wa boti akamwambia tlou, alisononeka kwamba mchezo umeisha. Nikamweleza kwamba wataalamu wa lugha za Kibantu huliona hilo kuwa ni neno lilelile, limesafiri mbali tu likabadilika njiani. Sijui kama kuna tiketi ya ndege inayoweza kumpa mtoto ukurasa kama ule, maana ndege huyaruka maneno yote ya katikati.

Mama naye alipata lake. Zambia nzima walimwita ambuya, yaani bibi, vijana wakipinda magoti na kupiga makofi taratibu walipomsalimu. Katika soko la Maramba pale Livingstone aliinama juu ya fungu la kapenta waliokaushwa, akachukua mmoja, akamgeuza kwenye mwanga, akasema, "Hawa ni dagaa wetu." Muuzaji alicheka, lakini Mama alikuwa sahihi kuliko alivyojua. Dagaa hao wa Ziwa Kariba asili yao ni Ziwa Tanganyika. Walichukuliwa huko mwishoni mwa miaka ya 1960 wakapandikizwa kwenye ziwa jipya la bwawa, wakazaliana, na leo ni kitoweo na biashara ya maelfu ya watu wa Zambia na Zimbabwe. Usiku ule tuliwala kwa nshima, ambayo ni ugali wetu kwa jina lingine, na watoto hawakuacha kitu.

Maji sasa.

Unayasikia kabla ya kuyaona. Mto Zambezi unakuja mpana na mtulivu, wenye visiwa na mitende, halafu ardhi inapasuka mbele yake na mto wote unaingia ufani. Upana wa maporomoko hayo ni mita 1,708, na kina chake kinafika mita 108. Wenyeji waliyapa jina kwa kile kinachotoka humo, wakayaita Mosi-oa-Tunya, moshi unaonguruma. Upande wa Zambia kuna kidaraja chembamba cha waenda kwa miguu kinachokabili maporomoko kwa karibu sana. Tulikodi makoti ya mvua, na hayakutusaidia kitu. Pale mvua haidondoki kutoka juu pekee. Inapanda kutoka shimoni, inakupiga kidevuni, inaingia puani na masikioni. Kitinda mimba wetu, mwenye miaka saba, alisimama katikati ya kidaraja akashika chuma kwa mikono miwili, akafungua mdomo. Nilidhani analia. Alikuwa anayanywa. Kisha upepo ukageuka, pazia jeupe likafunguka kwa muda wa pumzi tatu au nne, tukaona ukuta mweusi wa jabali mbele yetu na maji yanashuka mbele yake, na chini kabisa upinde wa mvua uliotimia, duara karibu nzima. Pazia likafunga. Hakuna aliyesema neno mpaka tulipofika ng'ambo.

Bibi yake alimngoja kwenye nchi kavu, maana kidaraja kile hakikumpendeza. Mbele ya sanamu ya David Livingstone, iliyo hapo karibu, binti yangu alimsomea kwamba Mskoti huyo aliyaona maporomoko tarehe 16 Novemba 1855, akayapa jina la malkia wake Victoria, na kwamba kitabu chake cha shule kinasema aliyagundua. Mama akauliza alifikaje pale. Kwa mtumbwi, mjukuu wake akajibu, aliletwa na wapiga makasia. "Na hao waliompeleka," akauliza Mama, "walikuwa wanampeleka wapi, kama walikuwa hawapajui?" Mtoto akatoa kalamu akakata neno lile kwenye kitabu chake, na mimi sikumzuia. Watu walioyaishi maisha ya Livingstone pamoja naye wanastahili nafasi kubwa zaidi katika vitabu vyetu. Alipofariki mwaka 1873 kijijini kwa Chitambo, eneo ambalo basi letu lilikuwa limepita si mbali nalo, ni watumishi wake, kina Susi na Chuma na wenzao, walioubeba mwili wake kwa miguu hadi Bagamoyo, wakafika mwanzoni mwa 1874. Safari yao ni historia ya pwani yetu.

Siku iliyofuata wanaume wawili wa safari, mume wangu na mkubwa wetu wa miaka kumi na sita, walikwenda na askari wenye bunduki kuwatazama faru weupe kwa miguu katika Hifadhi ya Mosi-oa-Tunya, hifadhi ndogo ya kilomita za mraba 66 ambamo faru hao hulindwa usiku na mchana. Kijana alirudi amenyamaza, jambo lisilo la kawaida yake. Aliomba pia kuruka kwa kamba kutoka kwenye daraja la reli la hapo, mita 111 kwenda chini, nami nilikataa, na bado nakataa.

Chobe, nchini Botswana, tulikwenda kwa siku moja. Kutoka Livingstone ni kama kilomita sitini hadi Kazungula, ambako zamani watu na malori walivushwa kwa pantoni na sasa kuna daraja la mita 923 lililofunguliwa Mei 2021. Daraja hilo limepinda kama upinde, kwa sababu lilijengwa kukwepa ardhi ya Zimbabwe. Upande wa Botswana unakanyaga mkeka uliolowa dawa kabla ya kuingia, ili viatu vyako visiwapelekee ng'ombe wao ugonjwa wa miguu na midomo. Watoto walikanyaga mara mbilimbili kuhakikisha.

Jioni tukawa ndani ya boti kwenye Mto Chobe. Kundi la tembo lilikuwa linavuka kwenda kisiwa cha Sedudu. Mama tembo walitangulia, mikonga juu kama mabomba, na katikati yao ndama mdogo ambaye hakuonekana ila ncha ya mkonga wake, inapotea, inarudi, inapotea, inarudi. Boti ilizimwa injini. Abiria wote, Wajerumani, Wabotswana na sisi, tulikuwa tunahesabu pumzi za ndama yule. Alipokanyaga mchanga wa kisiwa watu walipiga makofi. Kisiwa hicho kiligombaniwa na Botswana na Namibia, zikapelekana Mahakama ya Kimataifa ya Haki, na mwaka 1999 hukumu ikakitoa kwa Botswana bila damu kumwagika. Tembo huvuka kwenda kula majani huko kama walivyokuwa wakivuka kabla ya kesi.

Hapo ndipo mkubwa wetu alipomuuliza nahodha kama wakulima wa hapo wanawapenda tembo. Yule kaka hakujibu upesi. Alisema mama yake alilima mahindi mwaka uliopita, wakaja usiku mmoja, na asubuhi alikuta mabua yamelala. Alisema hawachukii, kwa sababu mshahara wake unatoka kwao, lakini mama yake hana boti. Katika eneo la hifadhi ya pamoja ya KAZA, linalounganisha Angola, Botswana, Namibia, Zambia na Zimbabwe kwa kilomita za mraba 520,000, zaidi ya nusu ya Tanzania yetu, hesabu ya mwaka 2022 ilikadiria tembo 227,900. Namba hiyo ni fahari kubwa ya bara hili. Ni pia usiku mwingi wa kukesha kwa watu wanaolima pembezoni, na nafurahi kwamba mwanangu alipewa vyote viwili katika jioni moja, na mtu mmoja, ambaye hakuwa na sababu ya kumdanganya.

Nimeshaambiwa kwamba ningeanza na hifadhi zetu kabla ya kwenda kwa majirani. Nakubali, na tumekwenda Ruaha na Mikumi. Lakini anayeniambia hivyo nami humuuliza kama amefika maporomoko ya Kalambo, na jibu ni lilelile siku zote. Kalambo iko mpakani mwa mkoa wetu wa Rukwa na Zambia. Maji yake yanaanguka kwa mkupuo mmoja zaidi ya mita mia mbili, karibu mara mbili ya kina cha Mosi-oa-Tunya. Karibu na maporomoko hayo wanaakiolojia walifukua magogo yaliyochongwa na kupachikana kwa mkono, na mwaka 2023 wakatangaza kwamba yana umri usiopungua miaka 476,000, ujenzi wa mbao wa kale zaidi uliopata kujulikana duniani. Ni mahali pa kumpeleka mtoto akapaone. Familia inayotoka Mbeya au Sumbawanga inaweza kuanza na Kalambo, ikaendelea Mbala na Kasama, ambako kuna maporomoko ya Chishimba, kisha ikashuka na barabara hadi Livingstone. Njia hiyo ipo. Sijaiona ikitangazwa kwa Kiswahili.

Hapa ndipo ninapowaomba wenye kampuni za utalii za Arusha, Dar es Salaam na Nairobi. Mna magari, mna waongozaji hodari, na wateja wenu wengi huja kwa misimu. Tengenezeni safari ya familia za hapa: bei kwa shilingi, malipo ya kidogokidogo kama kikoba, basi la watu ishirini, bibi na babu wakiwemo. Kiingilio cha hifadhi kwa wananchi wetu siyo kinachotushinda. Kinachotushinda ni gari la kuingilia, ambalo bei yake imepangwa kwa mtu anayelipwa kwa dola. Zimbabwe wana bei ya watu wa ukanda wa SADC katikati ya bei ya raia na bei ya mgeni wa mbali, na sisi ni watu wa ukanda huo. Nayo mashirika ya hifadhi ya nchi zetu yangeweza kukaa meza moja yakapanga bei ya mtoto wa Kiafrika, popote alikotoka. Mwanafunzi wa Mbeya akitazama tembo wa Chobe hapunguzi fedha ya mtu.

Siku ya mwisho tulimpeleka Mama kwenye daraja la hadithi ya baba yake. Daraja hilo lilimalizika mwaka 1905, na aliyelitaka, Cecil Rhodes, alitaka lijengwe karibu na maporomoko kiasi kwamba manyunyu yaangukie mabehewa, naye akafa kabla halijajengwa. Unaweza kulipita kwa miguu kutoka Zambia hadi Zimbabwe. Mama alitembea polepole, mkono mmoja kwenye chuma, mwingine kwa mjukuu wake mkubwa. Katikati alisimama. Upepo ulileta manyunyu, yakamlowesha kitenge na kilemba. Hakujifuta. Alituomba tumpishe kidogo, akakaa peke yake kama robo saa, anatazama reli. Nilimsikia akisema jina la baba yake, mara mbili. Halafu akageuka akasema ana njaa.

Kwa anayetaka kwenda: Aprili maji ni mengi kupita kiasi na ukungu huficha kila kitu. Oktoba na Novemba upande wa Zambia karibu unakauka na joto ni kali. Juni na Julai, wakati shule zetu zimefungwa, maji bado yana nguvu, asubuhi zina baridi ya kuhitaji sweta, na wanyama wanaanza kukusanyika mitoni. Ukiweza, panga siku zako ziangukie mwezi mpevu, kwa sababu usiku huo hifadhi hufunguliwa na utaona upinde wa mvua wa mbalamwezi. Pasipoti za watoto ziombeni mapema, mwezi wa Januari si mapema mno.